Henry Wanyoike na Siku Yetu ya Michezo

Siku ya michezo ni siku ya furaha katika shule yetu, wala sina nia ya kuitia dosari. Lakini liko jambo moja ambalo limeendelea mwaka baada ya mwaka bila mtu kuliuliza, nami naona yafaa niliulize katika gazeti letu hili, kwa kuwa husomwa na wanafunzi, walimu na wazazi pamoja. Jambo lenyewe ni hili: mbona wenzetu wasioona, na wale wenye ulemavu wa mkono au mguu, hawakimbii? Siku hiyo huketishwa kivulini. Hupewa soda kabla ya watu wengine, na kila mwalimu apitaye huwauliza kama wameketi vizuri. Hayo yote ni wema, nami sikatai. Lakini hakuna hata mmoja awaulizaye kama wangependa kushindana.

Rai yangu ni kwamba washindane, na tena kwamba wakimbiaji wetu hodari ndio wapasao kuwasaidia. Ili nisionekane nasema maneno matupu, nitaeleza kwanza habari za mtu mmoja wa nchi yetu ya Kenya, ambaye wengi wetu twamjua jina lakini hatujazingatia mambo yake.

Henry Wanyoike alizaliwa mwaka 1974 huko Kikuyu, si mbali na Nairobi. Alizaliwa mwenye macho mazima, naye tangu utotoni alikuwa na mbio. Mwaka 1995, alipokuwa kijana wa miaka 21 hivi, alilala usiku mmoja akiwa mzima, na asubuhi alipoamka hakuona. Alikuwa amepatwa na kiharusi usingizini. Karibu uwezo wake wote wa kuona, yaani asilimia 95, ulikwenda katika usiku ule mmoja, na kile kidogo kilichobaki kikamtoka polepole baadaye. Wazee wetu walisema, hujafa hujaumbika. Mithali hiyo sisi huiandika katika insha bila kuifikiri, lakini Wanyoike aliamka asubuhi akaikuta nyumbani kwake.

Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alikata tamaa kwa muda mrefu. Kijana aliyezoea kwenda kila mahali peke yake sasa alihitaji kushikwa mkono hata kutoka nje. Baadaye alifika katika kitengo cha macho cha hospitali ya Kikuyu, na huko akatiwa moyo ajifunze upya kuishi, na kisha akimbie tena. Nawaomba wasomaji wakumbuke neno hili: hospitali haikuweza kumrudishia macho, lakini miguu ilikuwa ingali yake. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kukimbia kando yake.

Hapa yanipasa nieleze jinsi mbio hizo zinavyokimbiwa, maana si wote wajuao. Katika mashindano ya dunia ya walemavu, yaitwayo Paralimpiki, wakimbiaji hupangwa kwa madaraja ili kila mmoja ashindane na mwenye hali kama yake. Daraja la wasioona kabisa, au karibu kabisa, huitwa T11. Mkimbiaji wa daraja hilo hukimbia na kiongozi mwenye macho, na wawili hao huunganishwa kwa kamba fupi mkononi. Kwa sheria za siku hizi kamba hiyo haizidi sentimita 30, yaani urefu wa rula tunayoitumia darasani. Kiongozi humwambia mwenziwe habari za kona, za mtu aliye mbele, na za mizunguko iliyobaki. Haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma. Tena haruhusiwi kutangulia kufika kwenye utepe: mkimbiaji lazima avuke kwanza, na kiongozi nyuma yake. Kiongozi akishindwa kumaliza, na mkimbiaji naye amekwisha, hata kama alikuwa anaongoza.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Sydney, Australia, mwaka 2000. Wanyoike alikwenda kukimbia mita 5000, na kiongozi wake alikuwa John Kibue. Walikimbia vizuri mno, wakawaacha wengine nyuma. Lakini Kibue hakuwa na afya njema siku ile, na mbio zilipokaribia mwisho nguvu zilimwishia. Mwenye macho akawa hajiwezi, na asiyeona ndiye aliyekuwa na nguvu. Wanyoike hakuweza kumwacha, kwa sheria niliyoitaja. Wala hakuweza kuuona utepe uko wapi. Akamhimiza mwenzake na kumkokota mpaka wakavuka pamoja, akapata nishani ya dhahabu. Sheria yamkataza kiongozi kumvuta mkimbiaji. Siku ile mkimbiaji ndiye aliyemvuta kiongozi.

Watu wengi husimulia kisa hicho ili kuonyesha moyo wa Wanyoike, na ni haki. Lakini mimi naona kina fundisho jingine. Chatuonyesha kwamba mkimbiaji asiyeona aweza kuwa hodari kuliko wale wapatikanao kumwongoza. Kipofu mwenye mbio hatafutiwi mtu yeyote tu mwenye huruma. Hutafutiwa mtu mwenye mbio kumshinda, mwenye pumzi ya kukimbia na kusema kwa pamoja, na aliye tayari kufanya mazoezi naye siku zote, mvua na jua.

Mtu wa namna hiyo Wanyoike alimpata jirani kabisa. Alikuwa Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utoto. Kibunja alijizoeza mpaka akaweza kwenda sawa naye, hatua kwa hatua. Walipokwenda Athens, Ugiriki, mwaka 2004, matunda yalionekana. Wanyoike alishinda mita 5000 kwa dakika 15 na sekunde 11, na mita 10,000 kwa dakika 31 na sekunde 37. Zote mbili zilikuwa rekodi za dunia kwa daraja lake.

Tuzipime hesabu hizo kwa uwanja wetu. Mita 10,000 ni mizunguko 25 ya uwanja wa mita 400. Kwa dakika 31 na sekunde 37, kila mzunguko ni sekunde 76 hivi. Msomaji ambaye adhani jambo hilo ni jepesi na ashuke uwanjani jioni hii, akimbie mzunguko mmoja tu kwa sekunde 76, kisha afikirie kuurudia mara 24 zaidi bila kupumzika. Na baada ya hapo afumbe macho.

Mwaka uliofuata, Aprili 2005, wawili hao walikwenda London kukimbia marathoni, mbio za kilomita 42 na zaidi. Wanyoike alimaliza kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 51, rekodi ya dunia kwa wasioona. Mtu mwingine angalirudi nyumbani akalala wiki mbili. Wao walikwenda Hamburg, Ujerumani, na baada ya wiki moja tu wakakimbia marathoni nyingine kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 31, wakaivunja rekodi yao wenyewe. Angalieni pia kwamba mbio hizo hawakutengewa barabara yao. Walikimbia London na Hamburg katika barabara ile ile pamoja na maelfu ya watu wenye macho.

Mwaka 2008 huko Beijing, Uchina, Wanyoike alipata nishani ya shaba katika mita 5000. Tangu hapo ametumia sifa yake kuwasaidia wengine, hasa katika kazi ya kuzuia upofu na ya kuwatia moyo walemavu, naye ameanzisha mbio huko kwao Kikuyu ambako wenye ulemavu na wasio na ulemavu hukimbia pamoja. Wala hakuwa wa mwisho. Mwaka 2012 huko London, Samwel Mushai Kimani, naye asiyeona, alishinda mita 1500 akiongozwa na James Boit kwa dakika 3 na sekunde 58, rekodi ya dunia, na mwaka 2016 huko Rio de Janeiro wakashinda tena. Katika michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021, binti wa Kenya, Nancy Chelangat Koech, alipata shaba katika mita 1500 za daraja hilo hilo. Basi asiseme mtu kwamba Wanyoike ni muujiza mmoja usiotokea tena.

Sasa narudi katika shule yetu. Yuko mwenzetu wa Kidato cha Tatu ambaye haoni, ila hutambua mwanga na giza. Sitamtaja jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi. Siku ya michezo mwaka jana alipewa kazi ya kulinda nguo za wakimbiaji wa bweni lake. Aliyempa kazi hiyo alidhani anamfanyia hisani, asije akajiona yu peke yake. Jioni nilipokwenda kuchukua shati langu akaniambia, "Kaka, sikuja shuleni kulinda mashati ya watu. Kwetu nilikuwa nakimbia na ndugu yangu mpaka mtoni kila asubuhi."

Tangu wiki ya pili ya muhula huu mimi naye tumekuwa tukikimbia jioni, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu. Kamba yetu ni kipande cha taulo kuukuu, tulichokifunga fundo pande mbili. Siku ya kwanza tulitembea tu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mikono yetu ikajifunza kwenda pamoja. Siku ya tatu tukakimbia polepole. Tulipatana maneno mafupi: "kona" tukifika kona, "nyoka" tukitoka kona, "shimo" pale karibu na goli ambapo mvua imechimba. Mita 1500 za kwanza zilituchukua dakika 7 na zaidi. Juma lililopita tulizimaliza kwa dakika 5 na sekunde 48. Nami nakiri kwamba mzunguko wa mwisho nilisema maneno machache sana, maana pumzi ilikuwa yanitoka, naye ndiye aliyekuwa akinihimiza.

Nimezungumza na wenzangu wengi juu ya jambo hili, nao wametoa hoja zao. Haifai kuzidharau, basi nitazijibu moja moja.

Wengine wasema ni hatari. Uwanja wetu una mawe na mteremko, na mtu asiyeona aweza kuanguka akaumia. Ni kweli. Lakini wenye macho nao huanguka, na mwaka jana wawili walipelekwa zahanati baada ya mbio za kupokezana vijiti. Hakuna aliyesema mbio hizo zifutwe. Dawa ya hatari ni mazoezi, kiongozi anayeujua uwanja, na mashimo kufukiwa. Na mashimo yakifukiwa, sote tutafaidika.

Wengine wasema ni upendeleo: mtu mmoja atakimbia peke yake na kupewa zawadi bila kushindana. Hoja hii ina uzito, nami sipendi zawadi ya bure hata kidogo. Lakini saa ya kuhesabia sekunde haina huruma. Atakayekimbia peke yake ashindane na saa, awekewe muda wa kuufikia, na asipoufikia asipewe kitu. Au aingie mbio za wote pamoja na kiongozi wake, kama Wanyoike alivyofanya London na Hamburg. Akiwa wa mwisho, awe wa mwisho kwa haki. Hata hilo ni afadhali kuliko kuketi juu ya rundo la mashati.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, nayo yatuhusu sisi wakimbiaji. Kiongozi huacha mbio zake mwenyewe. Hawezi kushinda kwa jina lake, maana sheria yamtaka avuke utepe nyuma ya mwenziwe. Bweni lake litapoteza alama. Kwa sababu hiyo kazi ya uongozi ikitajwa, kila bweni hutaka kumtoa yule mtu wa saba au wa nane, ambaye hawahitaji. Wenzangu, tukifanya hivyo tutakuwa tumetoa makombo na kuyaita sadaka. Kiongozi dhaifu humfunga mkimbiaji hodari kama jiwe mguuni, nasi tumeona huko Sydney jinsi hata kiongozi mwema akiishiwa nguvu mambo huwa karibu kuharibika. Yafaa atolewe aliye bora.

Na ili aliye bora akubali kutoka, shule nayo iitambue kazi yake. Katika michezo mikubwa ya siku hizi, kiongozi aliyekimbia na mwenziwe mbio zote huvikwa nishani kama yeye. Nasi tufanye vivyo hivyo: mkimbiaji na kiongozi wapate alama sawa kwa mabweni yao, na majina yao yaandikwe pamoja ubaoni. Hapo tutaona kama watu watakosekana.

Haya basi ndiyo ninayoyaomba, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kabla ya siku ya michezo, kila mwanafunzi mwenye ulemavu aulizwe faraghani kama anataka kushindana, na katika mchezo gani. Asiyetaka asilazimishwe, kama wengine wasivyolazimishwa. Pili, viongozi wachaguliwe mwanzoni mwa muhula na siyo asubuhi ya siku yenyewe, maana mikono miwili haijifunzi kwenda pamoja kwa siku moja. Tatu, asiyeweza kukimbia apewe mchezo umfaao. Kutupa tufe kwaweza kufanywa mtu akiwa ameketi juu ya kiti imara kilichofungwa chini. Asiyeona aweza kuruka mbali akiitwa kwa sauti na mtu asimamaye karibu na mchanga, mradi watazamaji wanyamaze. Nne, matokeo yao yaandikwe katika kitabu cha rekodi za shule, ili wajao wapate cha kuvunja.

Kwenu wazazi wetu nina neno moja, na nalisema kwa heshima. Wako wazazi ambao humletea Mwalimu Mkuu barua siku ya kwanza kabisa, wakiomba mtoto wao mwenye ulemavu asamehewe michezo yote. Najua ni mapenzi, na mapenzi ya mzazi hayapimwi. Lakini mtoto huyo ataishi miaka mingi baada ya kutoka mikononi mwenu na mwetu, na huko aendako hakuna atakayemwandikia barua. Mwacheni ajifunze hapa kuanguka na kuinuka, mahali penye marafiki na zahanati karibu.

Kwenu wenzangu watazamaji nasema hivi. Siku hiyo ikija, msipige makofi ya huruma. Yako makofi ambayo hupigwa kwa sababu mtu amethubutu kusimama tu, na mwenye kupigiwa huyajua mara moja, hata kama haoni. Pigeni makofi mtu akikimbia vizuri. Akikimbia vibaya, mwambieni ajitahidi, kama mnavyotuambia sisi. Henry Wanyoike hakupewa dhahabu kwa sababu ni kipofu. Alipewa kwa sababu alifika wa kwanza.

Mwenzetu wa Kidato cha Tatu ana mwaka huu na mwaka ujao tu katika shule hii. Mimi nina mwaka huu peke yake, na nikiondoka, kamba yataka mtu mwingine wa kuishika. Mbio zangu za mita 1500 nimekwisha kumwambia nahodha wa bweni kwamba sitazikimbia peke yangu, naye amenuna kidogo, lakini atazoea. Kilichobaki ni neno la Mwalimu wa Michezo na la kamati yake, ambao twajua hupanga orodha ya mashindano kabla ya muhula kwisha. Twaomba mstari mmoja tu uongezwe katika orodha hiyo. Kamba tunayo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne